Uso wa msichana wa sekondari: kuutunza, kuukinga na kuupamba siku ya shughuli

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne, Septemba na Oktoba, kiti changu cha saluni hakipoi. Wasichana wanafika na magauni yao kwenye mifuko, wanakaa mbele ya kioo, na kabla sijashika brashi wengi wananiomba kitu kilekile: "Dada, nifichie haya madoa." Chunusi zenyewe hawazitaji. Wameshazizoea. Kinachowauma ni alama nyeusi zinazobaki baada ya chunusi kupona, na hapo ndipo wengi wananaswa.

Mambo huenda hivi. Chunusi inatoka, msichana anaitumbua, panabaki doa. Doa linamkosesha raha, anauliza dukani, anauziwa krimu ya kuondoa madoa. Krimu inafanya kazi haraka ajabu, kisha uso unaanza kuharibika. Nami nilipita humo nikiwa na miaka 15. Duka la mtaani liliniuzia tyubu ndogo ya bei rahisi. Wiki ya pili shuleni wakaniuliza napaka nini. Mwezi wa nne nikawa siwezi kuiacha hata siku mbili bila uso kuwaka moto na kujaa vipele vidogo vidogo. Kuurudisha kulichukua zaidi ya mwaka, mkononi mwa daktari wa ngozi. Kwa hiyo nikikuandikia mwongozo huu, mdogo wangu, nia yangu kubwa ni kukukatia mnyororo huo mapema. Mekapu tutafika, lakini mwishoni.

Kinachotokea usoni wakati wa balehe

Mwili ukianza kubalehe, homoni huamsha tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi, hasa kwenye paji la uso, pua, kidevu, kifua na mgongo. Mafuta hayo yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa huziba vitundu. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu hustawi ndani ya kile kizibo, ngozi inavimba, chunusi inatoka. Kwa hiyo chunusi si dalili ya uchafu, wala hazitokani na kukosa mchumba kama mnavyotaniana bwenini. Wengi zitapungua zenyewe wakikaribia utu uzima. Kazi yako kwa sasa ni kuzipunguza na kuhakikisha zinaondoka bila kuacha kovu.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo moja la ziada. Ngozi yetu ina rangi nyingi, na kila inapoumia humwaga rangi zaidi pale palipoumia. Ndiyo maana chunusi ndogo iliyopona kwa wiki moja inaweza kuacha doa la miezi sita.

Hatua ya kwanza: kunawa, mara mbili tu

Asubuhi na usiku. Ukitoka michezoni na jasho jingi, nawa mara ya tatu kwa maji matupu. Zaidi ya hapo unaikausha ngozi, nayo inawashwa na kuchubuka.

Sabuni ya kufulia isifike usoni, hata ile ya mche ambayo bibi alitumia maisha yake yote. Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake iko karibu na 5, ilhali sabuni nyingi za vipande ziko kwenye 9 au 10. Ndiyo maana baada ya kunawa unahisi uso umekaza kama ngoma. Tafuta sabuni laini ya maji ya kunawia uso, isiyo na manukato makali. Ukikosa, tumia sabuni ya kipande ya mtoto mchanga, kidogo, na usiikalishe usoni.

Namna ya kunawa:

1. Osha mikono kwanza.
2. Lowesha uso kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu, yasiwe ya moto.
3. Toa povu viganjani, kisha zungusha vidole usoni taratibu kwa nusu dakika hadi dakika nzima. Fika mpaka mstari wa nywele na chini ya taya.
4. Suuza mpaka utelezi uishe.
5. Kausha kwa kugusagusa na kitaulo chako mwenyewe. Usisugue.

Dodoki ni la mwilini. Usoni linachana chunusi na kuongeza madoa, na ukilitundika bafuni likiwa bichi linakuwa makazi ya vijidudu.

Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, na Dar es Salaam tuko wengi, sabuni haitoi povu vizuri na mabaki yake hukaa usoni. Weka jagi moja la maji yasiyo na chumvi, ya bomba, ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya suuza ya mwisho. Jagi moja linatosha, hata bwenini.

Angalia pia vinavyougusa uso wako kutwa. Ukivaa hijabu, badilisha ile ya ndani kila siku, kwa sababu jasho na msuguano huleta vipele kwenye paji na chini ya kidevu. Ukisuka, mafuta ya nywele yanayotiririka kwenye paji yanaziba vitundu. Vipele vidogo vilivyojipanga kando ya mstari wa nywele mara nyingi chanzo chake ni hayo, basi paka mafuta ngozi ya kichwa tu na ufute paji. Foronya ifuliwe kila wiki.

Hatua ya pili: mafuta

Wasichana wenye chunusi wengi huacha kupaka chochote wakidhani mafuta ndiyo adui. Ngozi iliyokauka huwashwa, na dawa za chunusi huiumiza zaidi. Paka, ila chagua.

Losheni nyepesi ya uso inayoingia haraka ndiyo bora kwa mikoa ya joto kama Dar, Tanga na Pwani. Kwenye lebo tafuta maneno "non-comedogenic", yaani imetengenezwa isizibe vitundu. Mafuta ya nazi, ambayo kwa nywele na miguu hayana mfano, usoni huziba vitundu vya watu wengi wenye chunusi. Mafuta ya mgando yanafaa midomo, viwiko na visigino. Msichana wa Njombe au Arusha mwezi wa Julai, ngozi ikikatika kwa baridi, anaweza kupaka tabaka jembamba la mgando mashavuni, juu ya losheni.

Hatua ya tatu: jua

Nasikia kila siku kwamba mweusi hahitaji kinga ya jua. Kweli ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini haitoshi kuzuia doa lisikolee. Ukitibu madoa usiku na kuyaanika mchana unafanya kazi ya kujaza pakacha maji.

Chukua losheni ya kukinga jua, sanskrini, yenye SPF 30 au zaidi. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyochorwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Paka asubuhi baada ya losheni, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Siku ya darasani, paka asubuhi, kisha kabla ya michezo au ya safari ya kurudi nyumbani. Baadhi huacha weupe kama jivu. Jaribu zile zenye rangi ya kahawia, na faida yao ni mbili: weupe hauonekani, na madini ya chuma yanayotoa rangi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Bei ikiwa kubwa, kofia pana na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni vinasaidia sana, na havina gharama.

Kwa msichana mwenye ualbino, sanskrini ni dawa ya kuzuia saratani na haina mjadala: SPF 30 na kuendelea kila siku, kofia pana, mikono mirefu, miwani. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa sanskrini iitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza kwenye kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe au kwa chama cha watu wenye ualbino.

Hatua ya nne: chunusi zenyewe

Kwanza, acha kutumbua. Ukiminya, nusu ya uchafu hutoka nje na nusu husukumwa ndani, uvimbe unakua na doa linakaa muda mrefu zaidi. Wapo ambao ngozi yao hutoa kovu linaloota na kuvimba. Kama ukoo wenu una makovu ya namna hiyo, usiguse kabisa.

Duka la dawa lina vitu viwili vya kuanzia. Cha kwanza ni jeli ya "benzoyl peroxide". Omba ya asilimia 2.5. Ya asilimia 10 haina nguvu zaidi sana, lakini inachoma zaidi. Paka tabaka jembamba eneo lote linalotoa chunusi, siku moja upake, siku moja upumzike, kwa wiki mbili za mwanzo. Inapausha nguo, kwa hiyo usiku vaa fulana nyeupe na utumie foronya nyeupe. Cha pili ni "salicylic acid" ya asilimia 0.5 hadi 2, inayofaa zaidi kwa vichwa vyeusi, yaani vitundu vilivyoziba vyenye ncha nyeusi, na vipele vidogo visivyovimba. Usianze vyote viwili wiki moja. Ukiwashwa hutajua mkosaji ni nani.

Ipo pia jeli ya "adapalene" ya asilimia 0.1. Ni nzuri, ila hiyo pata kwanza ushauri wa daktari au mfamasia. Hukausha sana mwanzoni, na haitumiwi na mjamzito.

Chochote kipya kijaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, siku tatu mfululizo. Kisha subiri. Dawa ya chunusi inahitaji wiki 6 hadi 8 kuonyesha dalili, na wiki 12 kuihukumu sawasawa. Najua hilo ndilo gumu kuliko yote ukiwa na miaka 15. Andika tarehe uliyoanza nyuma ya daftari, piga picha moja dirishani, na nyingine baada ya mwezi, muda uleule. Kioo cha kila asubuhi hukuvunja moyo kwa sababu mabadiliko ya siku moja hayaonekani.

Nenda hospitali kama chunusi ni kubwa, za ndani, zinauma kama majipu, zinaacha mashimo, au zinakuja pamoja na hedhi isiyo na mpangilio na nywele nene za kidevuni. Hilo la mwisho linaweza kuwa suala la homoni, na krimu haitalimaliza.

Madoa, na krimu za miujiza

Mama unayemsomea binti yako, soma hapa mara mbili.

Krimu inayoondoa madoa kwa wiki moja au mbili karibu siku zote ina moja kati ya vitu vitatu.

Steroidi kali ndiyo iliyonikuta mimi. Kwenye tyubu huandikwa "clobetasol" au "betamethasone". Ni dawa halali ya hospitali, daktari huiandika kwa ugonjwa maalumu kwa siku chache. Usoni hubana mishipa ya damu na kuzima uvimbe, ndiyo maana uso unaonekana laini na mweupe upesi. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, inatoka michirizi, vinyweleo vinaota mashavuni, na chunusi mpya zinakuja zikiwa zote saizi moja.

Haidrokwinoni huandikwa "hydroquinone". Madaktari hutumia kiasi kidogo kwa muda mfupi chini ya uangalizi. Ikipakwa muda mrefu, kwenye mashavu hutokea weusi wenye ubuluu ambao ni mgumu mno kuondoa. Wale mama wenye mashavu yaliyoungua na vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi, unaowaona sokoni, wengi walipitia njia hiyo.

Zebaki ni mbaya kuliko zote. Inaingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na mvuke wake huwafikia hata mnaolala chumba kimoja, akiwemo mtoto mchanga. Lebo inaweza kuiita "calomel", "mercuric" au "mercurio", na nyingi hazisemi kitu. Dalili moja ya kuishtukia ni onyo la kutogusisha krimu na vito vya dhahabu au fedha.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo makopo yanauzwa. Kwa hiyo kagua mwenyewe: kopo lisilo na orodha ya viambato, lisilo na anwani ya mtengenezaji wala tarehe ya mwisho, rudisha. Kopo tupu lililojazwa krimu iliyochanganywa dukani kwa kijiko, huo ndio mkorogo wenyewe, hata wakiuita "mchanganyiko wa kung'arisha". Nawe usikubali sifa ya "krimu ya asili" bila kuisoma lebo.

Kama umeshaanza kutumia, usijifungie. Kuacha ghafla kunaweza kufanya uso ulipuke, na wengi hapo hurudia krimu ileile. Nenda kwa daktari wa ngozi na hiyo tyubu mkononi, umwambie ukweli wote. Mama, ukigundua binti anapaka, usianze na fimbo. Mimi nilificha miezi minne kwa kuogopa ukali nyumbani, na ile miezi minne ndiyo iliyoniumiza.

Kinachofuta madoa kwa usalama ni sanskrini, kuacha kutumbua, na muda. Ukitaka kuharakisha kidogo, muulize mfamasia kuhusu "azelaic acid" au "niacinamide". Hesabu miezi.

Vya jikoni na vya pwani

Ndimu na limao visikaribie uso. Maji yake yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi mpaka ikatoa malengelenge, na doa linalobaki ni baya kuliko la chunusi. Dawa ya meno huchoma. Baking soda huvuruga uchachu wa ngozi.

Liwa, ule mti wa manukato unaosagwa na kupakwa, ni jambo jingine. Nimekulia nayo, na harufu yake bado inanirudisha kwa bibi yangu Tanga. Kwa ngozi isiyo na vidonda, liwa safi iliyosagwa kwenye jiwe na kuchanganywa na maji ya waridi haina ubaya kwa watu wengi, ilimradi ujaribu kwanza kwenye mkono na usisugue wakati wa kuitoa. Singo, ile ya kusugulia mwili, ikiwa na karafuu iache kwa mwili. Usoni karafuu ni kali.

Sikukuu ikikaribia, ogopa piko. Hina ya asili hutoa rangi ya kahawia nyekundu. Ile nyeusi tii mara nyingi ina rangi ya nywele, na rangi hiyo inaweza kukuunguza na kukuachia mzio wa maisha.

Siku ya shughuli: mekapu

Shuleni mekapu hairuhusiwi, na uso wa kila siku hauihitaji. Tuzungumzie mahafali, Idi, kipaimara, harusi ya dada. Anza wiki mbili kabla: usibadilishe sabuni, usijaribu krimu mpya, na fanya jaribio moja la mekapu yote nyumbani ukiwa na muda wa kuiosha.

Fondesheni ndiyo inayoharibu picha nyingi. Isijaribiwe kwenye mkono. Chora mistari miwili mitatu ya rangi tofauti kwenye taya, toka nje mlangoni kwenye mwanga wa jua, na usubiri dakika 10, kwa sababu nyingi hukolea zikikaa. Ule unaopotea ndio wako. Wengi wetu paji na pembezoni mwa uso ni vyeusi kuliko mashavu, basi chagua rangi ya katikati. Usiende juu eti upendeze. Uso mweupe juu ya shingo nyeusi unaonekana hata ukiwa umekaa viti vya nyuma.

Kisha fuata mpangilio huu. Nawa, paka losheni, na sanskrini kama shughuli ni ya mchana, halafu kaa dakika 10. Kwenye madoa meusi gusa konsila ya rangi ya chungwa iliyokolea, kidogo sana, kwa ncha ya kidole, maana chungwa huua ule ujivu wa doa. Juu yake weka fondesheni kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, ukibonyeza bila kuburuta. Anzia katikati ya uso na uimalizie pembeni. Sehemu isiyo na doa iache ipumue. Ngozi ya miaka 16 ni nzuri kuliko fondesheni yoyote ninayoiuza.

Jasho likitoka, libonyeze kwa tishu kwanza, ndipo poda ifuate, kwenye paji, pua na kidevu tu. Poda iwe na rangi yako. Poda nyeupe haionekani kwenye kioo, ila flashi ya kamera huufanya uso uonekane umemwagiwa unga.

Nyusi zijaze kwa penseli ya kahawia iliyokolea, kwa vistari vifupi kama nywele. Nyeusi inakuongezea miaka. Blasha ya rangi ya tofali au zambarau hukaa vizuri kwetu kuliko waridi hafifu. Midomo, penseli ya kahawia kwenye kingo na glosi katikati, yatosha.

Wanja nunua uliofungwa na wenye lebo. Wanja wa unga usiojulikana ulikotoka unaweza kuwa na risasi, na risasi ni sumu.

Kutoazimana, na usiku wake

Bwenini mnagawana kila kitu, naelewa. Lakini wanja na maskara haviazimwi, hata kwa pacha wako. Mwanzoni mwa 2024 Dar ilipopata mlipuko wa macho mekundu, nilifunga vifaa vya macho vya saluni nzima kwa wiki kadhaa na kila mteja akaja na wanja wake. Rangi ya mdomo nayo hupitisha malengelenge. Maskara tupa baada ya miezi 3. Vingine angalia kichoro cha kopo lililo wazi kwenye lebo: "12M" maana yake miezi 12 tangu ulipofungua, basi andika tarehe kwa kalamu chini ya chupa.

Usiku, hata ukirudi saa saba umechoka, usilalie mekapu. Lainisha kwa mafuta ya mtoto kwenye pamba. Kwenye macho shikilia pamba kwa hesabu ya 20 kabla ya kufuta, ili usivute kope. Futa mpaka pamba itoke safi, nawa kwa sabuni yako ya kila siku kuondoa mafuta, kisha paka losheni. Sponji na brashi zioshe kesho yake kwa sabuni laini, zikamue, na uzilaze juu ya kitaulo zikauke penye hewa, nywele za brashi zikining'inia nje ya ukingo wa meza.